Glavu za Mzee Fikirini

Siku ya kumwoza bintiye, Mzee Fikirini alitoka kuoga saa tatu na nusu asubuhi, akaenda kwenye rafu ya ukumbini kuchukua sauti yake, akakuta haipo.

Waya wa chaji ulikuwa unaning'inia. Simu ilikuwepo, imelazwa kifudifudi kando ya kipaza sauti kidogo anachokivaa kifuani. Glavu ndizo hazikuwepo. Mzee akapekua rafu, akapekua chini ya jamvi, akapekua mpaka ndani ya viatu vya watu. Mwishowe akaanza kupiga ukuta kwa kiganja ili nyumba nzima itoke, maana hakuwa na namna nyingine ya kupiga kelele.

Zamani Mtaa wa Narung'ombe wote ulimjua kwa koo lake. Alikuwa mnadi wa vitenge, na akisema bei, wa mtaa wa pili alisikia. Kisha akaota uvimbe kooni. Madaktari wakautoa, uhai ukabaki, sauti ikaenda nao. Kwa miaka miwili binti yake, Sitara, ndiye aliyemsemea: anamtazama midomo, kisha anawaambia wateja. Miezi michache iliyopita Badria, fundi simu wa mtaa wa nyuma, alimtengenezea glavu za kuchapia. Unagusisha kidole gumba na sehemu fulani ya kidole kingine, herufi inaingia kwenye simu, na ukimaliza sentensi kipaza sauti kinaitamka. Mzee akarudi sokoni. Kitenge begani, vidole vinacheza, na sauti ya mashine inatangaza mali. Watu walikuja kushangaa, na wakishangaa wananunua.

Hajamaliza kupiga ukuta, mshenga akaingia bila hodi. Huyu ni Mzee Abdulrazak wa Magomeni, mtu mpole siku zote, ila asubuhi hiyo kanzu ilikuwa imemlowa jasho.

"Fikirini, umetufanyia nini?" Akamwonyesha simu yake. "Soma! Umetuma mwenyewe!"

Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye namba ya Mzee Fikirini saa tatu na dakika kumi: *Asalaam alaykum. Mimi Fikirini nimebadili nia. Aqdi ya leo isifungwe. Msije, na tusilaumiane.*

Mzee Fikirini akachana boksi la viatu, akaokota kipande cha mkaa, akaandika kwa herufi kubwa: SI MIMI. AKDI IPO.

"Si wewe nani? Macho yako hayaoni vitufe vya kioo, wewe unaandika kwa glavu. Na kwa glavu zile hakuna anayeweza kuandika ila wewe na fundi wako. Leo eti zimepotea! Juzi tu ulisema kijana wetu ana haraka. Kama hukumtaka Adamu, ungesema."

Mzee akabaki anatikisa kichwa. Ndugu wa bwana harusi walikuwa wamekwisha kuvaa. Kama jambo lisingefahamika kabla ya Alasiri, binti yake angekosa ndoa na yeye angeitwa mwongo, tena bila hata sauti ya kubisha.

Badria ndiye aliyepiga simu polisi, kwa sababu jozi ile ilikuwa ya pekee duniani na ilikuwa mali yake.

* * *

Sajenti Mwanamkuu alifika saa tano. Alikuwa mpelelezi mzuri mwenye ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu asichokijua akakipita bila kukiuliza. Alimwamkia mzee, akasoma ule ujumbe mara mbili, akasoma kadi ya harusi iliyoegemezwa kwenye rafu, yenye maandishi ya dhahabu: *Aqdi itafungwa baada ya Alasiri.* Kisha akaitazama simu ya mzee upande huu na upande huu. Kwenye ukingo wa kioo kulikuwa na kitu kama tope la kijani lililoanza kukauka.

"Hii simu ina neno la siri, mzee?"

Mzee akatikisa kichwa.

Ndipo akamgeukia Badria. Kwa muda mrefu kuliko kesi ilivyotaka, alimuuliza habari za glavu tu.

"Kwa hiyo gumba likigusa ncha ya kidole cha shahada?"

"Hiyo ni A. Ndiyo herufi yetu kubwa, nimeiweka pa rahisi," alisema Badria. Alikuwa msichana mwembamba mwenye harufu ya risasi ya kulehemu. "Kila kidole kina sehemu tatu. Vidole vinne kila mkono, mikono miwili, jumla ishirini na nne."

"Herufi si ni ishirini na sita?"

"Za Kizungu, afande. Mimi nimetengeneza kwa ajili ya Kiswahili. Nilitaka kuiondoa hata C, nikakumbuka chai."

Mwanamkuu akacheka. "Na glavu zikiwa mbali na simu, simu inafanyaje?"

"Inarudi kuwa simu ya kawaida. Vitufe vinatokea kwenye kioo."

"Na wewe, ulitaka kumnyang'anya mzee hizo glavu?"

Badria akakunja uso. "Kuna mfanyabiashara wa Posta anataka kuziona, ndiyo. Nilimwambia asubiri, harusi ipite. Saa tatu nilikuwa dukani nimezungukwa na wateja, ukaulize."

Mwanamkuu aliuliza. Ilikuwa kweli.

* * *

Chumba cha biharusi kilikuwa mwisho wa ukumbi. Sitara alikaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, mikono ameilaza juu ya mto mnene, viganja juu. Hina ilikuwa imekauka na kuanza kupasuka. Mpakaji hina, Bi Moza, alikuwa anaipaka maji ya limau na sukari kwa pamba.

"Shikamoo, afande," alisema Sitara.

"Marahaba, biharusi. Pole kwa mkasa. Saa tatu ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nitakwenda wapi na mikono hii?"

Bi Moza akadakia. "Huyu mwache, mwanangu. Nimeanza kumpaka saa mbili. Glavu zenyewe nyeupe pe, angezigusa tu ungeona. Mimi nilitoka kidogo kutafuta limau, nimerudi ua langu halijachubuka hata jani moja."

"Hata gumba?"

"Gumba napaka mwisho siku zote. Biharusi naye ni mtu, atawashwa na pua, atataka kushika kikombe."

Mwanamkuu alipenda jibu hilo. Akachuchumaa, akauliza hina inachanganywa na nini, inakaa muda gani, kwa nini sukari. Bi Moza alimjibu yote kwa furaha. Sitara alikuwa anatazama dirishani.

* * *

Aliyebaki alikuwa Shaibu, mpwa wa mzee, mpangaji wa chumba cha mbele, muuza makava ya simu Mtaa wa Kongo. Majirani wawili walikuwa wamekwisha kumnong'oneza Mwanamkuu kwamba kijana huyo alimposa Sitara mwaka jana akakataliwa. Zaidi ya hapo, saa tatu alionekana ukumbini.

"Oya afande, mimi simo," alisema Shaibu kabla hajaulizwa. "Nilipita kuchukua mzigo, nikasepa. Nikakutana na Bi Moza pale kwa muuza limau, muulize."

"Ulipita mbele ya rafu. Glavu uliziona?"

"Sikuangalia. Nilikuwa nachati na mteja, ananipigia kelele mzigo umechelewa. Cheki mwenyewe, saa iko hapo."

Akampa simu. Saa tatu na dakika kumi kamili, mteja alikuwa amefoka, na Shaibu alikuwa amemjibu: *xawa boxi niko njiani xaxa hv.*

"Hii ni lugha gani?"

"Kiswahili, afande! Sawa bosi, niko njiani sasa hivi. Vijana wote tunaandika hivyo."

"X zote hizi za nini?"

"Swaga tu."

Mwanamkuu akaendelea kuitazama ile X. Mtu mwingine angerudisha simu na kuendelea na maswali. Yeye akatoka mpaka uani alipokaa Badria.

"Zile glavu zina X?"

"Hazina. Neno gani la Kiswahili lina X?"

"Herufi nyingine uliyoiacha?"

"Q. Hizo mbili tu."

Mwanamkuu akaomba simu ya mshenga na kuusoma ule ujumbe mara ya tatu, polepole. Furaha ikamjaa mpaka akajionea haya, maana nyumba ilikuwa na msiba wa namna yake.

* * *

Saa nane kasorobo waliingia chumba cha biharusi: Mwanamkuu, Mzee Fikirini na Badria. Bi Moza aliombwa atoke, akatoka kwa shingo upande. Wageni walikuwa wamekwisha kujaa barazani na mshenga.

"Sote tulidhani ujumbe umeandikwa kwa glavu," alisema Mwanamkuu. "Tukasema basi ni mzee, au ni Badria. Na biharusi tukamtoa mapema, kwa sababu mwenye hina mbichi hawezi kuvaa glavu nyeupe. Lakini ujumbe una neno 'aqdi', kwa Q. Glavu hazina Q. Mzee mwenyewe amezoea K, hata kwenye boksi ameandika K. Kwa hiyo ujumbe uliandikwa kwenye kioo cha simu, na kwa kioo inatosha kuwa na kidole gumba kimoja kikavu."

Akaiinua simu ya mzee.

"Kwenye ukingo wa simu kuna hina. Bi Moza naye ana hina mikononi, lakini wakati huo alionekana kwa muuza limau. Kadi ya harusi nayo imeandikwa 'aqdi'. Nani aliandika maneno ya kadi?"

"Sitara," alisema Badria kwa sauti ndogo. "Anafundisha madrasa. Wao hawakubali K hapo."

"Mwanangu, hebu inua mikono."

Sitara akainua. Mwanamkuu akauchukua ule mto, akafungua foronya, akatoa glavu mbili nyeupe zisizo na doa.

"Nilizitoa alfajiri, kabla ya hina," alisema Sitara. "Nilijua zikiwepo, baba ataukana ujumbe pale pale. Badria, nisamehe. Sikutaka kuziharibu."

Mzee Fikirini alikuwa anamtazama kama mtu aliyepigwa. Akanyoosha mkono, akapewa glavu, akazivaa. Aliharakisha hata kipaza sauti kikakosea neno la kwanza.

"Kwa nini?" kilisema.

"Kwa sababu hukuniuliza, baba." Machozi yalimtoka, na kwa sababu ya hina hakuweza kuyafuta. "Miaka miwili hakuna aliyezungumza nawe bila kupitia kwangu. Zikaja glavu, nikafurahi kuliko wewe. Wiki ile ile mshenga akaja. Mimi niko jikoni nakaanga vitumbua, nasikia mashine inasema, 'Nimekubali.' Hivyo tu. Nikatoka na sahani nikaambiwa hongera."

Vidole vya mzee vikacheza haraka. "Nilikutazama. Ulinyamaza. Mwanamwali akinyamaza, amekubali. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na wewe je, baba? Wewe umenyamaza miaka miwili. Kuna siku hata moja nilisema, kanyamaza, basi kakubali? Nilikuwa nakutazama mdomo mpaka nielewe unachotaka. Hata chai ya sukari ngapi nilikuwa nauliza."

Vidole vya mzee vikasimama. Badria akageukia ukutani. Mwanamkuu, ambaye siku zote alikuwa na swali moja zaidi, safari hii hakuwa nalo. Mzee Fikirini aliona aibu ambayo hajawahi kuiona hata siku aliyoamka hospitali bila sauti. Alivuta mtandio wa binti yake, akamfuta machozi, shavu moja kisha la pili. Halafu akaanza kugusisha vidole, taratibu, asikosee.

"Unamtaka Adamu?"

"Simtaki. Hana ubaya. Simtaki tu, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mwanamkuu akamgeukia Badria. "Mali yako imepatikana. Unataka niandike kesi?"

"Kesi ya nani?" alisema Badria. "Tena Q naiongeza kesho."

* * *

Barazani watu waligeuka wote walipomwona mzee na glavu zake. Nyuma yake alitoka Sitara, mikono imetandazwa mbele asije akachafua nguo.

"Zimepatikana!" alisema mshenga, akainuka na uso uliochangamka. "Alhamdulillahi. Sasa Fikirini, tuambie mbele ya watu. Ujumbe ule ni wako au si wako?"

"Si wangu," kilisema kipaza sauti.

"Basi ndoa ipo?"

Mzee aliviinua vidole vyake, wote wakakitazama kifua chake wakisubiri sauti itoke. Vidole viligusana mara chache tu.

"Muulize mwenyewe."

Mnong'ono ukapita barazani. Mzee Abdulrazak alikuwa ameunganisha ndoa nyingi Magomeni na Kariakoo, na katika zote alikuwa amezungumza na baba, wajomba na kaka. Alimtazama Fikirini kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akakohoa, akaweka sawa kofia yake, akamgeukia Sitara kama mtu anayejifunza kazi upya.

"Binti yangu," alisema, "wewe umekubali?"

Baba yake alikuwa amezivua glavu na kuzishika mkononi.

"Hapana, mzee," alisema Sitara, kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayejibu alichoulizwa.