Kiti Kimoja kwa Butembo na Beni

Ndugu zangu wa Butembo, na ninyi wa Beni mliobaki, kaeni kidogo niwasimulie. Sina hamu kubwa, maana tumesimulia misiba hadi midomo imechoka. Lakini habari ya nyumba ya Salomon ikinyamaziwa, kesho itatokea katika nyumba nyingine, na tutaanza tena kuulizana kulikoni.

Mnaijua karakana ya Salomon pale mtaa wa Mususa, Butembo. Kila Jumamosi, salongo, ile kazi ya usafi wa pamoja, ikiisha na mifagio ikirudi nyumbani, mlango wake ulikuwa wazi kwa yeyote. Muuza maandazi alikaa na mwalimu kwenye meza moja, wakifungua simu zilizokufa na kutengeneza taa za jua. Hakuna aliyeulizwa cheti. Mariette, mke wa Salomon, alipitisha chai, na aliyejua jambo alimfundisha asiyejua. Duniani kote kuna karakana za namna hiyo, zinaitwa hakaspesi, nazo zimeungana katika mtandao mmoja. Siku mtandao huo ulipoipokea karakana ya Mususa tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Kanyere, mdogo wake Salomon wa tumbo moja, alijifunza kwenye meza hiyo hiyo. Alipoolewa na Ézéchias, mkulima wa kakao, alihamia Mavivi, pembeni mwa Beni, karibu na uwanja wa ndege. Huko akafungua karakana yake katika chumba cha uani. Mnajua Beni ya miaka hii, yenye watu wenye silaha porini: mtu anakwenda shambani na hajui kama atarudi. Kanyere na wenzake walitengeneza visanduku vya redio vya kutoa onyo. Kimoja kinafungwa kwenye mti shambani. Mkulima akiona watu asiowajua anabonyeza, vingine vinalia kwenye mashamba ya jirani, na watu wanakimbia mapema. Watu walikwisha kupona kwa visanduku hivyo. Shida ilikuwa betri. Zile zinazodumu zilitoka ng'ambo, zikatumwa na mtandao.

Hapo ndipo ubaya ulipoingia, tena kwa mlango wa heshima.

Mtandao ulikuwa umetoa kiti kimoja kwa sehemu yetu yote, na aliyekikalia alikuwa Salomon. Kwetu mkubwa ndiye anayesemea nyumba, mdogo hampiti. Salomon aliichukua desturi hiyo ya nyumbani akaipeleka kwenye mkutano wa dunia. Kwenye skrini aliisemea Butembo, akaisemea Beni, na kama muda ungebaki angeisemea hata Bunia. Wageni walipouliza wanawake wako wapi, aliwaonyesha picha ya Kanyere akiunganisha nyaya. Picha ile ilisambaa, ikatiwa kwenye matangazo ya mtandao. Uso wa Kanyere ulijulikana hadi Brazili, lakini sauti yake hakuna aliyewahi kuisikia. Nao wa mtandao hawakuuliza zaidi. Walikuwa wamempata Mkongo mmoja, wakaona Kongo imeshaingia.

Ramani yao ilionyesha nukta moja tu huku kwetu: Butembo. Kwa hiyo vifaa vya wote vilitumwa kwa anwani ya Salomon. Sasa sikilizeni ujinga huu. Ndege iliyoleta vifaa ilitua Mavivi, karibu na nyumba ya Kanyere kiasi cha kutikisa mabati yake. Katoni ilishushwa pale, ikapakiwa kwenye lori, ikapanda hadi Butembo. Halafu mtu wa Beni aifuate Butembo, kwenye barabara ile ile inayotumaliza.

Siku moja Kanyere akampigia simu kaka yake, yaya, kama tunavyomwita mkubwa.

"Yaya, ile kartoni ya batri imefika hapa Mavivi. Acha nichukue yetu hapa hapa, yenye kubakia ipande kwenu."

"Hapana, leki yangu, mudogo wangu. Anwani ni ya Butembo. Tukianza kugawa mu njia, bale ba mutandao batasema siye Banande, kabila moja, tunagombana."

"Basi ubaambie kama na siye tuko karakana. Batuweke kwa ramani."

"Nitabaambia. Kila mukutano si ninasemaka juu yenu?"

"Unasemaka, yaya. Mais hauniulizake mbele ya kusema."

Salomon alicheka kwa upole, akamwambia amsalimie shemeji.

Msimdhanie kuwa mwizi. Hakuiba hata msumari. Kiti kilimnogea tu, na aliogopa kwamba wakiwa wawili, hakuna atakayemtazama tena yeye. Mtu mwema akinogewa ni vigumu kumkemea, kwa sababu kila mara ana jibu zuri.

Ézéchias alijaribu kumsukuma mkewe. "Uandikie bale batu ba mutandao weye mwenyewe. Kifaransa unajua."

"Nitamupita yaya aje?" Kanyere alisema. "Mama atasema nimemuvua nguo mbele ya bageni."

Basi barua haikuandikwa, na visanduku vikaanza kuzima, kimoja leo, kingine wiki ijayo. Kilipozima kile cha shamba lao wenyewe, Ézéchias alipanda pikipiki kwenda kuzifuata betri.

Alifika Butembo salama, akalala kwa Salomon. Asubuhi alitaka kuondoka na pikipiki nyingine zinazoteremka Beni kwa kundi, maana barabara hiyo hakuna anayeipenda peke yake. Lakini Salomon alikuwa na utaratibu wake. Katoni haifunguliwi mpaka watu wa karakana wakusanyike, vifaa vipangwe mezani, na ipigwe picha ya kuupelekea mtandao. Watu walikuwa hawajafika.

"Acha shemeji aende na benzake," Mariette alisema. "Picha utapiga na bintu byenye kubakia."

"Kidogo tu, Mariette. Bakiona meza nusu, batasema nini? Shemeji asimame katikati, ashike batri, donc baone na Beni iko."

Ézéchias hakuwa mtu wa kubishana na mkubwa wa mke wake. Alisubiri. Kundi likaondoka. Mchana watu walipotimia alisimama katikati yao, akashika betri kama alivyoambiwa, akapigwa picha. Kisha akafunga mzigo nyuma ya pikipiki, akaaga, akaondoka peke yake. Mariette alibaki mlangoni akiangalia barabara hadi chai ikapoa.

Hakufika kwake. Alikutana na watu wenye silaha karibu na Kabasha, kwenye barabara ya kuteremka Beni. Wapita njia walimkuta amelala kando ya barabara; pikipiki haikuwepo, na betri zilikuwa zimetawanyika kwenye nyasi. Nimechoka kusema maneno ya namna hii. Nimeyasema juu ya watu wengi mno, na bado yanauma.

Siku alipozikwa, mtandao uliitoa ile picha kwa dunia nzima. Chini yake waliandika: "Beni nayo iko pamoja nasi."

Kwenye kilio, pale Mavivi, mchungaji aliuliza nani atasema kwa jina la familia. Salomon akasimama, kama kawaida. Alikuwa analia kweli.

"Siye bote ba familia," akaanza.

Kanyere, aliyekuwa mkekani na wanawake, alinyanyuka.

"Yaya, ikala chini. Leo nitajisemea." Hakupaza sauti. "Bwana yangu alikufa juu ya kufuata kartoni yenye ilishuka hapa, siye tukiiona. Weye ulisema mahali pangu, na miye nikakuachia juu ya heshima. Bale ba mbali nao, sura yangu ilibatosha. Hakuna hata mumoja aliniuliza: Kanyere, unakosa nini? Jibu ilikuwa fupi. Batri ibakie Mavivi."

Hakuna aliyemnyamazisha. Hata mama yake, aliyeogopewa siku zote, aliinamisha kichwa. Salomon alikaa, na tangu siku hiyo hajasimama tena kumsemea mtu. Karakana ya Mususa imefungwa. Mariette anauza unga mbele ya mlango wake. Kanyere aliwaandikia wa mtandao yeye mwenyewe. Walijibu kwa masikitiko marefu, wakaiweka Beni kwenye ramani, wakampa nafasi ya kusema mkutanoni. Katoni iliyofuata ilipotua, aliifuata kwa miguu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudi nayo. Visanduku vinalia tena. Shamba la Ézéchias limeota magugu.

Mafunzo

Ndugu zangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekalia kiti cha wengi awaulize wengi kabla hajafungua kinywa, na wakiweza kusema wenyewe, awapishe. Ninyi wadogo, heshima kwa mkubwa ni nzuri, lakini heshima inayoficha hatari si heshima. Nanyi mlio mbali, mnaotaka dunia nzima ikae kwenye meza yenu, sura ya mtu kwenye picha si mtu aliyekaribishwa. Ujumbe ule wa Kanyere kwa mtandao ulikuwa mistari michache tu. Angeweza kuuandika wakati mumewe bado yu hai, ameketi pembeni yake, akimhimiza.