Kitufe cha Kitanda cha Dirishani

Rafiki yangu ni fundi wa programu za kompyuta, mtu wa kucheka kila kitu. Hili halicheki.

Aliitwa hospitali. Pale kila kitanda kina kitufe cha kumwita nesi, na kiini cha mfumo wa kompyuta hukipa kila kitufe namba yake. Vitanda viwili vilikuwa vimepewa namba moja, kwa hiyo mgonjwa mmoja akitangulia kubonyeza, mwenzake hasikiki. Shangazi yake rafiki yangu alifia kimojawapo cha hivyo viwili, kitanda cha dirishani, kitufe mkononi.

"Maji yameshamwagika, kaka," nesi alimwambia. "Wawahi waliobaki."

Akajifungia chumba cha mitambo, taa imeungua, feni zinavuma. Akarekebisha ugawaji wa namba mpaka kila kitufe kikawa na namba yake peke yake, kisha akawasha upya.

Kengele ikalia. Skrini ikaonyesha: kitanda cha dirishani.

Akampigia nesi simu. "Nani kalala pale?"

"Hakuna mtu, kaka. Hata kitanda tulishakitoa."

Akaifuta ile namba. Kengele ikaendelea vilevile, kidogo kidogo, kama ya mtu anayeishiwa nguvu. Akaenda wodini. Mapazia ya kona ile yalikuwa yamefungwa, giza tupu. Akapapasa ukuta mpaka akaushika waya, na ncha yake ilikuwa imekatwa. Akainama, akapapasa sakafu, akakiokota kitufe.

Kilikuwa na joto la kiganja. Na chini ya kidole gumba chake kilikuwa kinabonyea chenyewe, kinaachia, kinabonyea tena.