Aliyekuwa Pembeni mwa Picha

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipomshika baba mkono tukaingia duka la televisheni. Macho yake yalikuwa yanafifia. Alitaka jambo moja kabla hayajazimika: amwone marehemu mama siku ya harusi yao.

Kumbukumbu za ukoo nazitunza mimi. Kwenye flashi nilikuwa na video tatu.

"Tuwekee kwenye ile kubwa, kijana," baba alimwambia muuzaji. "Kwenye ile ya nyumbani shemeji zangu hawaenei."

Muuzaji akacheka. "Televisheni za zamani hukata pembeni mwa picha, mzee. Hii inaonyesha kila kitu."

Kila kitu.

Harusi ikaanza. "Nimemwona," baba akasema taratibu, uso wake karibu uguse kioo.

Mimi nilikuwa natazama pembeni mwa picha. Mwanamke mrefu, shuka jeupe, mkono begani mwa bibi yangu. Waliohudhuria nawajua wote kwa majina. Huyu simjui. Na bibi alifariki wiki ileile.

Nikafungua video ya mahafali ya kaka. Yuleyule... hajazeeka hata kidogo. Mkono begani mwa kaka. Ajali ilimchukua kaka kabla mwezi haujaisha.

Ya tatu niliipiga mwenyewe, juzi tu, baba akitimiza miaka sabini. Mwanamke alikuwa mlangoni, nyuma ya kiti cha baba.

Hajamfikia.

Harufu ya udongo uliolowa ikajaa dukani. Nje hakukuwa na mvua.

"Mbona kimya?" baba akanong'ona. "Ni yule mrefu?"

"Unamjua?"

"Mama yako alikuwa akimwona. Nikamwambia ana homa." Akapapasa ukingo wa kioo. "Tuchukue hii. Mimi simwoni. Utakuwa unaniambia amefika wapi."

Tangu hapo, kila jioni naweka ile video ya tatu, naye baba huniuliza. Amesogea hatua moja. Kisha nyingine. Sijawahi kuandika wala kusema uongo kuhusu ukoo wetu, lakini mimi humjibu: "Yuko palepale mlangoni, baba."

Jana niliwasha mapema. Baba yumo, keki imo, mlango uko wazi.

Mwanamke hayumo.

"Amefika wapi?"

"Yuko palepale."

Ile harufu ikaingia sebuleni, polepole...

"Basi toa mkono wako begani kwangu, mwanangu," baba akanong'ona. "Una baridi."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika rimoti.