Njano ya Kuchomwa

"Nani alikwambia njano hii ni ya kuzaliwa?"

Anonciata hakuinua uso kutoka kwenye kioo chake cha kukuzia. Kemirembe alikuwa amekuja Rubwera kwa jambo dogo tu: jiwe la pete yake ya uchumba lilikuwa likichezacheza, na mama huyu mthamini wa madini ndiye aliyekuwa na vifaa vya kulikaza.

"Mchumba wangu, mama."

"Almasi ni almasi, hapo hakukudanganya. Rangi ndiyo ya kutiwa. Sogea uone."

Akalichomoa jiwe, akaligeuza kichwa chini juu ya karatasi nyeupe, na kando yake akaweka kijiwe cha njano cha kwake mwenyewe. Kemirembe akafumba jicho moja na kuchungulia. Kile cha Anonciata kilikuwa njano kote, juu, chini na ubavuni. La kwake lilipauka ubavuni, na njano yote ilikuwa imejikusanya kwenye ncha ya chini, imetanda kama mwavuli. Anonciata akamweleza kwamba kuna almasi hupigwa mionzi, zikachomwa moto, zikatoka na rangi anayoitaka mwenye kiwanda. Nyingine hazitambuliki bila mashine za maabara. Hii ilikuwa imejitaja yenyewe.

"Ndizi iliyoivia mgombani na iliyovundikwa shimoni, zote si ndizi?"

"Zote ndizi."

"Basi ndivyo. Kosa ni kuificha ya shimoni ukasema imeivia mgombani."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Kanoni, pete ikiwa imekazwa tena, Kemirembe hakuliwaza jiwe. Kilichomchoma ni siku ya posa. Ndyamukama, mnunuzi wa madini ya bati kutoka Nyakatuntu, alikaa mbele ya Adelgunda, mama yake Kemirembe, na baba zake wadogo. Mama akapitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna. Katika nyumba ile, mtu akisema neno huku kahawa hiyo iko mdomoni, ameapa. Waoga hunyamaza mpaka wameze. Ndyamukama hakumeza. Aliinua pete akasema rangi ile haijaguswa na mkono wa mtu, kama binti yao. Wazee wakapiga makofi, mama akafuta machozi. Na sasa tangazo la kwanza la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani.

Akamwandikia ujumbe: "Njoo nyumbani. Fundi wa Rubwera amesema jiwe lina kasoro."

Jibu halikukawia. "Kasoro gani mpenzi? Hiyo ni asili tupu. Nakuja."

Alifika mchana, akamwamkia mama shikamoo. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi, akaitikia marahaba bila kuacha kisu.

"Amesemaje huyo fundi wako?" akauliza Ndyamukama, akivuta kigoda.

"Amesema lina kasoro."

"Waongo tu hao. Mtu wa Rubwera atatazama kwa macho haya haya ajue limechomwa?"

Kisu cha mama kikasimama.

"Mimi nimesema kasoro," Kemirembe akasema polepole. "Kuchomwa umekutaja wewe."

Ndyamukama akatazama mlango, akamtazama mama, kisha akaanza kujieleza. Aliyemuuzia alimwambia wazi kwamba rangi ni ya kutiwa. Lakini alikuwa amesikia kuna afisa mmoja wa wilaya, mwenye gari, naye anakuja kuposa, akaogopa wazee watamwona wa kawaida. Tena alidhani hakuna wa huku atakayejua.

"Hakuna wa huku," Kemirembe akarudia. "Yaani sisi."

"Punguza sauti basi. Nitakutafutia nyingine, ya asili kabisa."

"Sitaki nyingine. Uliapa na kahawa ya mama yangu mdomoni. Nitawaita baba wadogo, ukae pale pale ulipokaa, useme."

"Wale wazee watanicheka mpaka Nyakatuntu."

"Wacheke."

"Kwa rangi tu, Kemirembe?"

Mama ndiye aliyejibu, macho yakiwa kwenye ndizi.

"Baba yake Kemirembe, Mungu amrehemu, alinidanganya mengi, mwanangu. Lakini kahawa ile ikiwa mdomoni, hakunidanganya hata mara moja."

Ndyamukama akasimama. Hasira ilikuwa imempanda na yeye.

"Nikienda kujidhalilisha mbele ya wale, sitakuwa mwanamume tena."

"Ukitoka hapa hujaahidi kusema, hutakuwa mume wangu."

Kemirembe akamwekea pete kiganjani, akamkunja vidole juu yake. Ndyamukama alingoja kidogo, labda aitwe. Hakuitwa. Pikipiki ikanguruma mpaka ikapotea nyuma ya migomba.

Kemirembe akajifunga kitenge, akaenda kwa katekista Polikarpi. Akamkuta anafagia kanisa. Akamwomba tangazo la pili lisisomwe Jumapili.

"Kuna kizuizi?" mzee akauliza.

"Kipo."

"Nani anakileta?"

"Mimi."

Polikarpi akaegemeza ufagio ukutani. Akamwambia akae asali kwanza. Kemirembe akapiga magoti, na hasira yake yote akampa Mungu kama ilivyo, bila kuipamba. Alipotoka nje simu ikalia, ujumbe wa Ndyamukama.

"Utaniaibisha mbele ya parokia nzima kwa ajili ya rangi."

Alisimama pale kwenye ngazi za kanisa, akaandika:

"Ya kuchomwa ningeivaa. Ningezikwa nayo, kama ungeniambia ukweli."