Sindano Mbili

Mimi ni fundi cherehani. Macho yangu yalishachoka, kwa hiyo kila asubuhi binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, alinitilia uzi kwenye sindano.

Mwezi mmoja akaanza kukosa tundu. Alisema anaona sindano mbili. Alilalamika kuumwa kichwa, akatapika, kisha akapata nafuu na kuomba chai.

"Umepona mara hii?" nikamcheka. "Bibi Visingizio wewe!"

Jina likamganda kama ruba. Hata wateja walimwita hivyo. Alipoanza kuyumba, nilimfokea kwa kukanyaga vitambaa vyangu. Naona aibu kuyasimulia haya.

Siku moja jirani yetu muuguzi alileta sare yake nimfupishie. Akamwona mtoto ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Dada, huyu anatapika?"

"Asubuhi tu. Anakwepa shule."

"Hata Jumapili?"

Nikazihesabu siku. Hata Jumapili.

"Kichwa kuuma asubuhi, kutapika, kuona viwili viwili, kuyumba. Dalili hizo zikijirudia, mtoto apimwe. Huenda si uvimbe kwenye ubongo, lakini tusibahatishe. Twende leo leo."

Hospitalini alipigwa picha ya kichwa. Uvimbe ulikuwa nyuma ya ubongo. Madaktari wakampasua, wakautoa na kuupima. Ilikuwa saratani.

"Daktari, ni mimi niliyemsababishia?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyesababisha. Ila kuchelewa kunaumiza. Sasa atapata mionzi, kisha dawa. Msiruke hata siku moja."

Hatukuruka. Nywele zake zilinyonyoka, akakonda. Majuto ni mjukuu. Mimi nilimpata kabla sijawa bibi.

"Mwanangu, ulisema kweli," nilimwambia kitandani. "Nisamehe."

Akageukia ukuta. "Waambie na wateja."

Niliwaambia, mmoja mmoja, nikiwa nimeinamisha uso. Niliwatajia zile dalili zote. Mmoja alilia, kwa sababu naye alimwita jina lile.

Sasa ni mwaka wa pili. Picha za karibuni hazionyeshi uvimbe, ingawa bado tunarudi kupimwa. Anatembea taratibu, lakini shule anakwenda.

Jana nilihangaika na uzi, nikakosa tundu mara tatu.

"Macho yangu leo yanauma," nikasema.

Binti yangu akanitazama. "Nakuamini, mama," akasema, akaichukua sindano.

Nilishindwa kumtazama usoni.