Mama wa Foleni ya Maji

Vedad aliwahesabu wageni pale kwenye bomba la maji wanapotua njiwa, wakawa kumi na moja. Akawahesabu tena chini ya mnara wa saa, wakawa kumi na wawili.

Hakushtuka. Mchana wa Juni mjini Sarajevo watu wanadandia ziara za wenzao kila siku, mtu anakuja na mkate wake wa nyama mkononi, anasikiliza bure, anasepa. Akapitisha macho amtafute mdandiaji. Sura zote anazijua. Ila nyuma ya mzee mmoja Mholanzi mawe yalikuwa yamelowa. Kidimbwi kidogo tu, na jua lote lile, na mvua haijanyesha wiki nzima.

"Haya, twendeni," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kutembeza watu katikati ya mji, uwanja mpaka uwanja. Umri miaka ishirini na tano, shule aliitupa njiani, lakini mdomo anao. Msikiti wa Bey, mtaa wa wafua shaba, kanisa kuu, daraja la Walatini, moto usiozimika. Na kabla ya moto kuna kijiuwanja nyuma ya barabara kuu, kina bomba la chuma ukutani na doa jekundu chini, pale bomu lilipotoboa lami wakati wa vita, watu wakaja kuziba tundu kwa rangi.

Hapo ndipo alipokuwa anamuua mama yake. Mara mbili kwa siku.

Ilianza kijingajinga. Mwaka jana binti mmoja Mnorwei alimuuliza, "Na wewe, vita vilikuchukulia nani?" Vedad hakuwa na mtu. Vita vinapamba moto yeye alikuwa na miezi minne, na kwao wote walitoka salama. Akajiona kama kaja msibani bila marehemu. Mdomo ukamtangulia. "Mama," akasema. "Hapa hapa. Alikuja kuchota maji." Na mengine yakaja yenyewe, hata hakuyatafuta: koti la kijani, dumu la njano, kiatu cha kushoto kimemvuka. Binti akalia, akamkumbatia mbele za watu. Usiku akaandika mtandaoni: ukifika Sarajevo mtafute Vedad, mwambie akusimulie habari za mama yake.

Tangu siku hiyo kila kundi linauliza.

Mama mwenyewe, Mevlida, muda huo yuko zake nyumbani, kule mlimani Bistrik, anakaanga vitunguu. Waliishi wawili tu.

"Oya," Dino, mtembezaji mwenzake, alimwambia siku moja wakiwa kibarazani, "marehemu mama yako jana kanipa pita ya viazi. Kwa mtu aliyekufa ana mkono mtamu kweli."

"Funga bakuli lako."

"Mi namsifia tu! Siku akifa kweli utawaambia nini? Kafa tena?"

Vedad alicheka. Ila masikio yalimuwaka.

Wiki ile ile Mevlida alirudi kutoka kwa muoka mikate bila mkate.

"Nimeomba mara tatu," akasema, bado na kitambaa kichwani. "Kijana ananiangalia kama dirisha. Kamhudumia wa nyuma yangu."

"Labda hakusikia, mama."

"Nimepiga kelele, Vedad. Mimi! Na kwenye tramu mtu kataka kunikalia."

Akampa mwanawe kikombe cha kahawa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vilikuwa vimelowa.

Kwenye ziara, yule wa kumi na mbili alizidi kusogea. Vedad alianza kumsikia kabla ya kumwona. Kiatu kimoja, halafu mguu mtupu. Ko, pa. Ko, pa. Nyuma ya hapo plastiki inagongagonga goti. Harufu nayo ikaja, sufu iliyolowa na chuma kilichoungua, na akigeuka anaona pindo la kijani tu likijificha nyuma ya mabega ya watu. Alijua ni nani. Hapo ndipo aibu ilipomshika, maana mtu akiona jini anakimbilia watu, na yeye watu wenyewe angewaambia nini? Kwamba kaliumba kwa mdomo wake?

Akajiapiza: kesho sisemi tena.

Kesho yake akaja mama mmoja wa Graz, kule Austria, mtu mzima, ambaye alikuwa kwenye ziara mwaka jana. Karudi safari hii na maua meupe.

"Nimemletea mama yako," akasema, macho yamejaa. "Tuonyeshe pale alipoanguka."

Watu kumi na tano wakamgeukia. Angeweza kusema. Neno moja tu, samahani, halafu ardhi ipasuke immeze. Lakini yule mama alikuwa ameshapiga magoti, kaweka maua kwenye doa, na Vedad akafungua mdomo akasimulia yote upya, koti, dumu, kiatu, na alipokuwa anasimulia akamwona akitoka katikati ya watu bila kumgusa mtu, koti la kijani linachuruzika, nywele zimemganda usoni mpaka uso hauonekani, mguu mmoja mtupu mweupe kama sabuni, akaja mpaka kwenye doa jekundu akasimama juu ya maua, na kila neno Vedad alilolitoa ule uso ulizidi kupata umbo, kwanza kidevu, kisha mdomo, kisha mashavu, na alipofika pale anaposema "ndiye alikuwa mama yangu" uso ukakamilika, na ulikuwa uso wa Mevlida.

Alikimbia. Aliacha kundi, akavuka mto, akapanda mlima wa Bistrik bila kupumzika.

Mlango ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa kalala sakafuni jikoni, ndala ya kushoto imemvuka. Anapumua kidogo sana. Jirani alikuwa amekaa pale pale mezani, anamsubiri Mevlida arudi amwazime sukari.

"Kaenda wapi mama yako?" jirani akauliza, miguu yake imekaribia kukanyaga mkono wa mgonjwa.

Daktari wa zahanati alikuja, akafungua mkoba, akatazama huku na huku. "Haya kijana," akasema, "mgonjwa yuko wapi?"

Basi Vedad akambeba mama yake mgongoni, akampeleka kwa bibi Zumra.

Bibi Zumra anatoa hofu watu. Anayeyusha madini ya risasi kwenye kijiko, anamfunika mtu shuka jekundu, anamimina risasi kwenye bakuli la maji juu ya kichwa, halafu anasoma umbo lililotokea. Sigara haimtoki mdomoni, na siku hiyo tamthilia ya Kituruki ilikuwa inaendelea kwenye televisheni.

"Mlaze hapo. Huyu nani? Mevlida? Mbona kawa kama mvuke?"

"Unamwona, bibi?"

"Namwona nusu."

Akamimina. Maji yakapiga kelele. Akatazama bakulini, akapunguza sauti ya televisheni.

"Siyo kwake. Kaa wewe."

Vedad akaingia chini ya shuka. Risasi ikalia juu ya kichwa chake, akasikia joto.

"Toka. Tazama."

Risasi ilikuwa imetandaa bapa, laini, haina hata kijipembe.

"Huna hofu wewe," bibi Zumra akasema taratibu. "Hofu ningekutoa. Hii ni aibu, na aibu risasi haiivuti. Umefanya nini, mtoto?"

Akasema. Yote. Alizungumza akitazama zulia, na mama yake kalala hatua mbili, anasikia. Alipofika kwenye koti la kijani Mevlida akafungua macho.

"Kijani?" sauti ilikuwa kama ya mtu aliye chumba cha tatu. "Na kiatu cha kushoto?"

"Nilitunga tu, mama. Nisamehe."

"Hukutunga. Nimeyasema usingizini, miaka yote uliyolala kitanda cha pili." Akaziba uso kwa mikono. "Alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Mkimbizi, ametoka huko mto Drina, hakuna aliyemjua. Bomu lilipotua yeye ndiye akaanguka. Dumu lake lilikuwa limeshajaa. Langu tupu. Na wewe ulikuwa hujanyweshwa siku mbili nzima."

"Mama..."

"Nilifungua vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa bado vya moto. Nikachukua maji nikaja zangu. Sikumfunika hata uso."

Bibi Zumra alisahau sigara mpaka jivu likaanguka kwenye bakuli.

"Basi alikuwa anazunguka tu, hana kwao," akasema. "Wewe ukampa sura, ukampa mtoto, ukamtangaza kwa dunia nzima. Imebaki nafasi ya mama yako, na hiyo anaichukua. Nendeni mkayaseme pale pale, mchana, mbele za watu. Wote wawili."

Kesho yake saa sita Vedad alisimama kwenye kijiuwanja, kundi zima mbele yake. Dino alikuwa pembeni na wageni wake, anatafuna mbegu za alizeti. Mevlida kamshika mwanawe mkono, na watu wanampita wanamgonga bega bila kujua. Mama wa Graz alikuwepo pia. Alikuja kuuliza jana kulikoni.

Ko, pa. Alikuwa ameshafika, yuko juu ya doa.

"Nilidanganya," Vedad akasema. "Mama yangu hajafa. Huyu hapa. Mnaona? Anaitwa Mevlida, na yuko hai."

Mtu mmoja akapepesa macho, akaruka pembeni. "Samahani mama! Sikukuona kabisa." Wengine wakageuka, mmoja mmoja, wakaanza kumwona. Kisha wakamgeukia Vedad. Afadhali wangemtukana. Mama wa Graz akainama, akaokota maua yake, akaondoka nayo. Dino aliacha kutafuna.

Halafu Mevlida akasema la kwake. Alisema kwa lugha yake, wageni hawakuelewa, lakini wauza duka waliokuwa mlangoni walielewa kila neno, na hakuna aliyeinua macho.

"Nisamehe, dada," akamalizia, akiliambia doa.

Yule wa koti la kijani alitulia. Uso wa Mevlida ukamtoka, ukabaki uso wake mwenyewe, wa msichana, mdogo kuliko Vedad.

Bibi Zumra, kasimama nyuma yao na tasbihi, akanong'ona, "Sasa. Mwambieni aende. Kwa jina lake."

Mevlida akageuka. "Jina gani?"

"Lake! Mtu anaagwa kwa jina. Anaitwa nani?"

Hawakulijua. Waliuliza siku ile, wakauliza wiki nzima, wauza duka, imamu, walinzi wa makaburi. Vedad aliangalia majiwe meupe ya waliozikwa bila kujulikana mpaka miguu ikavimba. Mevlida alipona, muoka mikate anamuitikia, jirani kapata sukari yake. Lakini jina halikupatikana, na yule msichana hakuagwa.

Na alasiri moja ya Julai, mama na mwana wamekaa na kahawa yao, wakasikia ngazi. Ko, pa. Ko, pa. Kitu kizito kikawekwa mlangoni, maji yakatikisika ndani yake.

"Mwanangu," sauti changa ikaita. "Maji haya hapa. Ulikuwa na kiu."

Vedad alimtazama mama yake. Mevlida hakuinua macho. Alinyoosha mkono kabatini, polepole, akatoa kikombe cha tatu, akakiweka mezani.

Sauti ikaita tena, sasa kwa huzuni.

"Asante, mama," Vedad akasema.

Na Mevlida, aliyekuwa hai, hakuitika.