Hadithi ya Priska Ilipewa Alama Zote

Priska alituambia kwamba mdogo wake anakufa, nasi tukampa alama ishirini na tano kati ya ishirini na tano. Huo ndio msiba wenyewe, na sitauzungusha. Haukutokea porini kwa watu wasiojua kitu. Umetokea hapa kwetu Marangu, mchana, mbele ya watu wenye akili timamu na vyeti vyao.

Nyumba ya Eliufoo ilikuwa nyumba ya kupendeza ukiipita. Kihamba, yaani shamba la kuizunguka nyumba, kimepaliliwa, migomba imewekewa nguzo, kahawa imepogolewa, na bandani yumo ng'ombe wa maziwa. Eliufoo alikuwa mpagazi wa mlimani, mmoja wa wale tunaowaita wagumu. Akishuka kutoka safari, watoto wake wawili walimkimbilia njiani kupekua mifuko ya koti, maana hakukosa biskuti za wageni. Mkubwa ni Priska. Mdogo alikuwa Calvin, mtoto wa maswali, aliyetaka kujua hata kuku hulala wameangalia upande gani. Jioni mama yao, Yuditha, aliwasimulia hadithi jikoni wakisubiri ndizi ziive. Ukipita njiani ulimsikia Calvin akidai zimwi lipigwe mara ya pili.

Yuditha akaugua, akafa. Eliufoo akaanza kunywa. Alianza na mbege, pombe yetu ya ndizi, kama sisi sote, halafu akahamia kwenye gongo. Siku moja alifika geti la mlimani akiwa amelewa asubuhi, mzigo wa mgeni ukamwangukia miguuni, na tangu siku ile hakuna aliyempigia simu tena kumwita safari.

Sasa yupo mtu anaitwa Primus, wa huku huku kwetu, ambaye hukodi majaruba ya mpunga kule chini Mabogini. Mpunga ukianza kukomaa, ndege huja makundi kwa makundi, na lazima awepo mtu wa kuwaamia, yaani kushinda shambani akipiga debe na kurusha mawe kwa kombeo. Mtu mzima ukimpa kazi hiyo anataka malipo yake. Mtoto anataka ugali tu. Primus na Eliufoo walikubaliana kilabuni kwamba Calvin ashuke akaamie ndege, na mpunga ukivunwa Eliufoo apelekewe magunia yake nyumbani.

Nisikilizeni vizuri hapa, ninyi wa huku juu. Kwetu baridi inafukuza mbu, na chandarua tulichogawiwa wengi wetu tunafunikia vifaranga. Mtoto aliyekulia huku akishushwa majarubani bila chandarua, malaria inamkuta mwili haujawahi kupigana nayo. Hilo hakuna mzee wa huku asiyelijua. Eliufoo alilijua.

Shuleni alisema Calvin amehamia Rombo kwa shangazi yake. Mke wangu, Elisifa, alimuuliza njiani mbona mtoto haonekani, naye akajibu kwamba Rombo watoto wananenepa. Priska alikuwa amesimama pale na ndoo ya maji kichwani. Alitazama chini. Baba yake alikwisha kumwambia kwamba siku atakayofungua mdomo na kutaja Mabogini, siku hiyo hiyo na yeye atashuka.

Kila Jumamosi Priska alipandishwa kwenye pikapu ya Primus ampelekee mdogo wake ndizi. Mara ya kwanza alimkuta juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kukalia mlinzi wa ndege, akipiga debe na kumcheka dada yake kwa jinsi alivyokuwa anaogopa matope. Mara iliyofuata alimkuta amelala chini ya dungu, mwili unachoma, anatetemeka juani, na ndege wanakula mpunga bila wa kuwafukuza. Akaomba maziwa. Primus alimpa vidonge vya maumivu, akamwambia Priska kwamba watoto wa mlimani wamezoea kudeka jikoni. Priska aliporudi alimweleza baba yake. Baba yake alisema hiyo ni homa ya jua, itaisha, na akamkumbusha lile onyo.

Jumatatu ilikuwa zamu yake ya kusimulia hadithi darasani.

Mwalimu wao anaitwa Faraja, binti wa Njoro, mjini Moshi. Hakuwa mvivu na hakuwa mkali. Alifika shuleni kabla ya wanafunzi. Muhula ule alikuwa anawapima wanafunzi kwa kusimulia upya hadithi za kale, kila mtoto kwa maneno yake mwenyewe, yeye amekaa nyuma ya darasa na kalamu. Alipima vitu vitano: sauti, ishara, lugha, mtiririko na mwisho. Kila kimoja alama tano.

Priska alichagua hadithi ya watoto wawili walioachwa msituni na baba yao, wakaokotwa na zimwi, zimwi likamfungia yule wa kiume. Hadithi hiyo tunaijua wote, na mwisho wake tunaujua. Lakini mwanangu Aikaeli, anayesoma darasa hilo hilo, alikuja kutuambia jioni tukila machalari ya ndizi kwamba hadithi ya Priska haikuwa na msitu. Ilikuwa na mfereji na mpunga. Zimwi lilikuwa na pikapu. Mtoto alikuwa anafukuza ndege wa zimwi mpaka mwili ukawaka moto, na dada yake akapanda mlima kutafuta watu. Akaishia hapo.

"Nikamwambia, zimwi la siku hizi linakula wali," Aikaeli alisema. "Darasa zima likacheka, hata mwalimu."

Na sisi tulicheka. Chakula kilikuwa kitamu.

Mwalimu Faraja alipomaliza kucheka alimuuliza Priska yule mtoto amemwacha wapi.

"Yuko kule kule, mwalimu. Kwenye mpunga."

"Na mwisho wake?"

"Bado, mwalimu."

Akampa alama ishirini. Sauti tano, ishara tano, lugha tano, mtiririko tano, mwisho sifuri. Lakini namna Priska alivyoonyesha kutetemeka kwa homa ilimpendeza sana mwalimu. Alisema hajaona mtoto anayeigiza vile. Akamchagua awakilishe shule kwenye mashindano ya kata siku ya Ijumaa, na baada ya masomo akabaki naye ofisini kumtengenezea mwisho. Mazungumzo yao ya ofisini ninayajua kwa sababu mwalimu mwenyewe aliyasema baadaye, akilia, mbele ya watu.

Alimwambia kwamba katika hadithi hizi lazima mtoto arudi nyumbani.

"Nani aende akamchukue, mwalimu?"

"Wewe ndiye msimulizi. Chagua."

Priska akasema, "Nikimweka mwalimu wao?"

Mwalimu Faraja alimcheka kwa upendo. "Hadithi za kale hazina mwalimu, Priska. Weka mwindaji."

Msomaji, usiipite hiyo haraka. Mtoto aliyekatazwa kutaja jina la mahali alipata njia moja tu ya kusema, akaitumia. Hakutosheka nayo. Alimtazama mtu mzima aliyemwamini kuliko wote akamwomba aende kumchukua mdogo wake. Akasahihishwa.

Jumanne, Jumatano na Alhamisi walifanya mazoezi ya mwindaji. Alifundishwa aingilie upande gani, apaze sauti wapi, amwinue mtoto vipi mgongoni. Wakati huo Calvin alikuwa amelala kwenye kibanda cha majani kando ya jaruba, na Primus alikuwa ametafuta mtu mwingine wa kupiga debe.

Ijumaa wazazi tuliitwa. Viti viliazimwa kanisani, turubai likafungwa, watoto wakakaa chini kwa mistari. Waamuzi walikuwa watatu: afisa elimu wa kata, mzee mmoja wa usharika, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Eliufoo alikuja pia. Alikaa nyuma, amevaa koti safi, na harufu yake ilifika mbele kabla yake.

Priska alisimama, sare imepigwa pasi. Alisimulia vizuri. Sijasikia mtoto akisimulia hivyo tangu nizaliwe. Alipofika kwenye mpunga, uwanja ulinyamaza mpaka tukasikia ng'ombe wa watu wakilia kihambani. Alipotetemeka, mama mmoja karibu yangu alijifunika kanga. Niligeuka nikamwona Eliufoo ameinamisha kichwa kati ya magoti. Kisha mwindaji akaingia. Zimwi likapigwa, mtoto akabebwa mgongoni, akapandishwa mlima, akapewa maziwa. Eliufoo akainua kichwa. Watu wakapiga makofi, na yeye akapiga.

Afisa elimu alisimama na kipaza sauti akasema mtoto huyu ana kipaji cha ajabu. "Utadhani aliyaona kwa macho yake," alisema, na watu wakacheka. Alama ishirini na tano. Zawadi ikawa begi jipya la shule. Mwalimu Faraja alimkumbatia. Watu wakamwendea Eliufoo kumpa mkono, naye akawa anasema hiyo ni damu yake, kwao wote wana midomo.

Priska alisimama pembeni na begi lake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tulimsifu tu.

Viti vilikuwa bado havijakusanywa simu ya Eliufoo ilipoita. Alikuwa Primus. Alisema mtoto amezidiwa, haelewi anayoambiwa, anampakia kwenye pikapu kumpeleka hospitali, na baba yake amfuate huko. Eliufoo alisikiliza, akakaa chini kwenye nyasi. Priska aliisikia simu ile, maana baba yake alikuwa ameiweka sauti ya juu. Hapo ndipo alipolia, na hapo ndipo watu walipoanza kumuuliza ana nini.

Calvin hakumtambua dada yake wala baba yake. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Alifariki Jumamosi asubuhi. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza homa ilianza lini, Priska akamwambia. Akasema kama angeletwa mwanzoni mwa wiki, angepewa dawa akarudi nyumbani.

Tulimzika kihambani. Mwalimu Faraja alikuja na walimu wenzake. Baada ya udongo kufukiwa alimwendea Priska, akapiga magoti mbele yake palepale kwenye matope, akamshika mikono.

"Priska, mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mwalimu," Priska alisema. "Ukasema mwisho siyo huo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtoto anayejibu swali darasani. Mwalimu alibaki chini, na ndipo aliposema yote ya ofisini, tukasikia wote. Mke wangu alimnyanyua. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na makofi yake aliyopiga.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kwanza ni Eliufoo. Kufiwa na mke hakumpi mtu ruhusa ya kunywa watoto. Pombe haikumshika Calvin mkono ikampakia kwenye pikapu. Baba yake alimshika, akijua anampeleka wapi. Na wewe unayekaa kilabuni ukisikia mtoto anapangiwa kazi, ukaagiza kata nyingine ya mbege, usiseme hayakuhusu.

Pili, walimu. Pimeni sauti, pimeni ishara, pimeni mnachotaka, ndiyo kazi yenu. Lakini mtoto akiichukua hadithi ya kale akaingiza ndani yake vitu vya hapa, mfereji wa hapa, gari la hapa, homa ya hapa, weka kalamu chini kwanza. Mwite pembeni umuulize umeyapata wapi haya. Mtoto wa kijijini hajui kutunga uongo wa namna hiyo. Na akikwambia mwisho bado, usimtengenezee mwisho. Nenda kaangalie.

Tatu, sisi majirani. Tuliambiwa Rombo tukakubali Rombo, wakati Rombo siyo mbali, na simu tunazo. Ilikuwa rahisi kuamini.

Wengine wamenishauri niimalizie hadithi hii kwa kusema kijiji kimeamka. Hakijaamka. Kuna mkutano uliitishwa, wakaja watu wachache, ikanyesha mvua, ukaahirishwa, haujaitishwa tena.

Basi nahesabu kilichopotea. Calvin amelala pembeni ya mama yake, hakumaliza darasa la pili. Eliufoo yuko mahabusu, na kihamba kimeota magugu mpaka mlangoni. Primus aliachiwa kwa sababu alisema mtoto aliletwa na mzazi wake, na msimu huu amekodi majaruba mengine. Nasikia juu ya dungu kuna mtoto wa mtu. Mwalimu Faraja ameomba uhamisho, na ile asubuhi yake ya kuwahi shuleni imekwisha. Siku hizi anakuja kengele ikishagongwa. Priska yuko kwa bibi yake mzaa mama, Kilema, anasoma huko. Anaandika vizuri, anajua hesabu. Akiitwa mbele asimulie hadithi, anasimama, anafunga mdomo, anabaki hivyo mpaka aambiwe akakae. Mwalimu wake mpya hamjui. Anamwandikia sifuri, anaita mwingine.